Miembe Tisa Ndani ya Boma la Zamani

Soila alichukua miembe tisa kwangu mwaka wa tisini na tatu bila kutoa hata senti. Alilipa kwa maziwa. Wakati huo nilikuwa nauza miche kando ya barabara ya Namanga, hatua chache kabla ya kufika stejini Kitengela, na nilikuwa nimekodi chumba cha mabati huko Noonkopir. Miche niliitoa kwetu Machakos, ikipanda juu ya malori ya mchanga.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mrefu, amefunga shuka iliyopauka, mtungi wa maziwa mgongoni. Alisimama mbele ya miche yangu kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua. Aliinama, akashika majani, akatikisa shina kuona kama mzizi umeshika.

"Takwenya," nikamsalimu. Salamu ya Kimaasai nilijifunza mapema, kwa sababu mteja akisalimiwa kwa lugha yake anakaa.

"Iko," akaitikia. "Hii ni nini?"

"Mwembe. Wa kuunganisha. Miaka mitatu unakula."

"Kwa miaka mitatu ng'ombe ashazaa mara mbili."

"Basi nunua ng'ombe."

"Ng'ombe niko nao. Nataka hii."

Nilitaka chupa ya maziwa kila asubuhi kwa miezi sita. Yeye akasema miwili. Tulivutana mpaka jua likapanda, tukakubaliana minne. Akaongeza kwamba mche ukifa nitaleta mwingine. Nikamwambia ukifa kwa uzembe wake ni shauri yake. Akaniuliza ni nani ataamua kama ni uzembe. Hapo nikajua nimekutana na mtu wa biashara, nikaacha kujaribu kumpunja bei.

Watu walimwita Ng'oto Leshan, yaani mama yake Leshan, kwa sababu mwana wake wa pekee aliitwa hivyo. Leshan alikuwa mlinzi kwenye shamba moja la maua huko Isinya, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mume wake aliitwa Simel, mzee mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kutia kidole kwenye karatasi. Walikuwa na ardhi kubwa wakati shamba la kikundi lilipogawanywa. Simel aliiuza kipande kwa kipande. Kipande kimoja kilinunua pikapu ambayo ilikufa baada ya mwaka mmoja. Kingine kilienda kwa karo na hospitali, hilo nalikubali. Vingine sijui vilienda wapi, na Soila pia alisema hajui. Kufikia siku ile aliyokuja kwangu, ardhi iliyobaki kwa jina la Simel ilikuwa ekari moja, kutoka barabarani kwenda chini kwenye korongo. Ng'ombe walilishwa kwenye ploti za watu wa Nairobi ambazo hazijajengwa.

Mbele ya ekari hiyo, upande wa barabara, palikuwa na nyumba ya Soila, ya udongo na paa la mabati, aliyoijenga mwenyewe kama wanavyojenga wanawake wa kwao. Nyuma palikuwa na boma la zamani walilohama, mahali ng'ombe walilala kwa miaka zaidi ya ishirini. Mavi yalikuwa yamerundikana hapo mpaka magotini, yamekauka, yamekuwa kama mkeka. Ndipo alipochimba mashimo tisa.

Nilienda kuona, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kufidia mche utakaokufa.

"Hapa mbolea ni nyingi mno," nikamwambia. "Chimba pale pembeni, halafu tuchanganye na udongo mwekundu. Mimi nitakutafutia lori."

"Na lori nitalipa na nini? Maziwa?"

"Kidogo tu."

"Udongo ule mweusi unapasuka, mtu anapoteza mguu. Hapa ndio pazuri."

Na alikuwa na haki kiasi. Udongo mweusi wa Kitengela wakati wa kiangazi una nyufa za kumeza mkono, na wakati wa mvua unakuwa uji. Pale kwenye boma palikuwa juu kidogo na maji hayakusimama. Miche haikufa hata mmoja.

Ilikua namna ambayo sijapata kuona Machakos. Mwaka wa pili ilinipita urefu. Mwaka wa tatu Soila alisimama chini yake na jua halikumpata. Majani yalikuwa mapana, meusi kwa ukijani, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Watu waliopita barabarani waliuliza ni miti gani hiyo. Lakini maua hayakutoka, mwaka wa nne hayakutoka, na wa tano hayakutoka.

Kosa nililijua. Mwembe ukishiba unaota majani. Unahitaji msimu wa kiu na njaa kidogo ndipo uogope na kutafuta kuzaa. Soila naye alikuwa amelelewa kati ya ng'ombe, na ng'ombe asiyezaa unamwongezea malisho. Kwa hiyo kila mwaka miembe ilipokataa kutoa maua, alibeba mbolea mbichi kutoka boma jipya, lililokuwa kwenye ploti tupu ng'ambo ya barabara, akairundika kwenye mashina. Kila jioni punda alishuka na mitungi ya maji ya kisima, mingine ya nyumba, miwili ya miembe.

"Acha kumwagia maji," nilimwambia mara nyingi. "Kuanzia mwezi wa tano usimwage hata tone."

"Utazaa ukiwa na kiu?"

"Ndiyo."

"Wewe Mkamba unataka kuniulia miti uniuzie mingine."

"Huo mti si ng'ombe, Ng'oto Leshan."

"Hata wewe si ng'ombe, na unakula."

Nilikunywa chai yake nikaenda zangu. Kila mwaka nilirudia maneno yale yale na kila mwaka alinipa chai ile ile.

Simel ndiye aliyeipa miembe jina. Alikuwa akipita na wazee wenzake, akaonyesha kwa fimbo.

"Mnaona maksai wa mke wangu? Wanene, wanang'aa, na hakuna ndama."

Wazee walicheka. Jina likashika. Sokoni Noonkopir wanawake walimuuliza Soila maksai wako hawajambo. Yeye alijibu kwamba hawajambo, wanakula vizuri kuliko waume wao.

Nilimuuliza siku moja kwa nini alitaka miti, yeye ambaye hajawahi kula embe zaidi ya mara mbili maishani. Alikuwa akichota mbolea kwa sahani iliyopasuka. Alisema ng'ombe wana miguu. Simel akitaka pesa anawapeleka mnadani asubuhi, na jioni wewe unasikia kelele ya zizi imepungua. Mti hawezi kuutoa na kwenda nao. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeeleza kwa nini anafunga mlango.

Ila ardhi yenyewe Simel aliweza kuiuza, na Soila alilijua hilo. Baada ya mvua kubwa ya tisini na saba, ile iliyobeba madaraja, Simel alimwambia mbele yangu na mbele ya Leshan: "Hii miti ikizaa, ekari inabaki. Isipozaa, siku moja nitapata shida na nitauza, na mtu asiniulize. Ardhi ya majani matupu ni ya nini?"

"Umesema," Soila akajibu.

"Nimesema."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo. Maembe yapatikane, ama ekari ya mwisho iende. Soila akaongeza mbolea.

Halafu mwaka wa elfu mbili mvua ya mwezi wa nne haikuja kabisa. Ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekuja nusu. Kufikia mwezi wa tano nyasi zilikuwa zimeisha mpaka mizizi, na visima vya watu vilikuwa na foleni ya punda tangu alfajiri. Simel alikuwa na ng'ombe sitini na kitu. Alisimama kwenye mlango wa nyumba akatoa amri, na kwa mara ya kwanza Soila hakubishana: maji yote yaende kwa ng'ombe. Mitungi miwili ya miembe ikaisha siku hiyo. Mbolea nayo haikubebwa, maana nani angekuwa na nguvu ya kubeba mbolea.

Sitaeleza sana habari za ng'ombe. Aliyekuwa Kajiado mwaka ule anajua, na asiyekuwapo hawezi kuelewa harufu ile. Mwezi wa sita Simel na Leshan waliwapeleka ng'ombe upande wa Nairobi, wakawalisha kando za barabara na kwenye nyasi za mitaa ya matajiri. Wale waliokuwa dhaifu mno kutembea waliachiwa Soila. Aliwainua asubuhi kwa mkia na kwa pembe, akawapa maboksi ya katoni yaliyolowekwa maji ya chumvi. Asiyeinuka siku ya tatu alichinjwa au alikufa mwenyewe. Soila aliwachuna.

Ngozi zilinunuliwa na Salad. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, mwenye zizi la kuwekea wanyama hapo Kitengela, na alikuwa akinunua ng'ombe wa Simel kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuja kila wiki na pikapu. Mara moja alinichukua njiani, tukafika pamoja, tukamkuta Soila amechuchumaa juu ya mtamba mwekundu ambaye nilijua alikuwa akimpenda, kisu mkononi, anavua ngozi polepole ili asitoboe.

"Pole, Mama Leshan," Salad akasema.

"Hii haina tundu," Soila akajibu. "Ile ya juzi ulisema iko na tundu. Hii angalia mwenyewe."

Salad akaangalia. Haikuwa na tundu. Akaipakia.

Tangu wakati huo Soila aliongea kwa sauti moja. Ukimsalimu, ukimwambia mtu amekufa, ukimwambia chai imemwagika, jibu lilitoka na uzito ule ule. Mara ya kwanza nilidhani ni njaa. Nilimpelekea unga. Alikula na sauti haikubadilika. Nikaacha kutafuta sababu, maana sababu ilikuwa imelala pale uwanjani imechunwa.

Mwezi wa tisa nilipita kwake kumwambia narudi Machakos kwa muda, biashara ya miche imekufa, nani anapanda mti wakati wa namna hiyo. Nilimkuta anasugua sufuria kwa jivu.

"Ni vizuri umekuja," akasema. "Ile miti imepata ugonjwa. Nilikuwa naingoja ikauke vizuri nikate kuni, lakini sasa imetoa vidonda juu. Sijui kama moshi wake ni mbaya kwa macho."

Nilishuka nyuma. Majani yalikuwa yamepoteza ule mng'ao, mengine yameanguka. Na kwenye ncha za matawi, mti baada ya mti, mashada yalikuwa yamesimama, mekundu-mekundu, yenye punje ndogo kama mtama. Nzi walikuwa wengi juu yake mpaka miti ilikuwa inavuma.

"Ng'oto Leshan! Njoo hapa!"

Alikuja akipangusa mikono. Hakukimbia.

"Hiyo ndiyo vidonda," akasema.

"Ni maua! Miti yote tisa! Nilikuambia nini? Nilikuambia iache ione kiu!"

Aliyaangalia maua. Alivuta shada moja chini, akalinusa, akaliachilia.

"Ng'ombe walipewa maji yote wakafa," akasema. "Hii haikupewa."

"Usiikate."

"Nimesikia."

Akarudi kwenye sufuria.

Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilinyesha kiasi. Maembe yalishika, yakaanguka mengi, yaliyobaki yakanenepa. Simel alirudi mwisho wa mwaka. Kati ya ng'ombe wote wale alikuja na wanne, na mmoja kati ya hao alikuwa kipofu wa jicho moja. Leshan alirudi Isinya kuomba kazi yake tena. Simel hakuuliza juu ya miti. Alikaa nje ya nyumba siku tatu akiangalia zizi tupu, na siku ya nne alitembea mpaka Kitengela kwa Salad.

Walizungumza ekari kwa mitamba. Simel hakutaka pesa, alisema pesa ameshaiona inavyofanya. Alitaka wanyama wa kuanzia upya. Salad alikuwa akitafuta mahali barabarani pa kuweka ghala la ngozi. Alisema mitamba watano kwa ekari nzima. Simel akaniita nije niwe shahidi, kwa sababu nilijua kuandika na nilikuwa nimerudi kutoka Machakos wiki hiyo.

Siku tuliyokutana ilikuwa katikati ya mwezi wa kwanza. Nilikwenda nikiwa na hoja yangu tayari, maana Soila alikuwa amenituma nimkumbushe Simel neno lake: miti imezaa, ekari inabaki. Nilimkumbusha kabla Salad hajafika.

"Nilisema," Simel akakubali. "Lakini wakati ule nilikuwa na ng'ombe sitini. Sasa unataka nichunge maembe?"

Salad alipokuja aliomba kuona mpaka wa ardhi mpaka chini. Tukashuka wote wanne, Soila akiwa nyuma yetu. Alipoona miembe alisimama. Mimi nilikuwa sijamfikiria Salad kuwa mtu wa miti, lakini baba yake alikuwa na shamba kando ya mto Tana, na yeye alikulia juu ya matawi. Alitoa kisu, akachuma embe moja lililoanza kuwa njano, akalikata, akanusa, akala kipande. Akala cha pili.

"Warya, wewe Simel," akasema, "hii umeificha miaka yote?"

"Nimeificha wapi? Iko barabarani."

"Hii ni tamu kuliko ya nyumbani. Haina nyuzi. Bei yangu nimebadilisha. Nane."

"Nane nini?"

"Mitamba nane, na hii miti ibaki ilivyo. Mtu asikate hata tawi."

Simel alishika fimbo yake kwa mikono miwili. Mimi niliona hesabu imetugeukia. Miaka saba tulikuwa tumengoja matunda yaikomboe ardhi, na matunda ndiyo yaliyoipandisha bei. Ningekuwa mimi ndiye Soila ningekaa chini.

Soila alikuwa amesimama na nusu ya embe aliyopewa na Salad. Alikuwa ameionja. Nilimuuliza ikoje, akasema ni tamu, vile mtu angesema leo kuna vumbi.

"Salad," akasema. "Hao nane ni wa ardhi ama wa miti?"

"Ni wa zote, mama."

"Tenganisha."

Salad akacheka. "Haya. Watano ardhi, kama tulivyosema. Watatu miti."

"Na upande wa barabara peke yake? Nusu ya juu?"

Salad akaacha kucheka. Mtu wa biashara akiulizwa swali ambalo hakulitaka, unaona kwenye shingo. Ghala la ngozi lilihitaji barabara. Miti ilikuwa tamaa tu iliyomshika alipokuwa anatafuna.

"Nusu ya juu ni wanne," akasema.

"Ya juu ndiyo unataka. Chini hujui hata kama lori litafika. Sita."

"Sita! Mama, na hapo juu kuna nyumba yako."

"Nyumba itatoka."

"Itatoka iende wapi?" Simel akauliza.

"Huku kwa miti."

Simel alimwambia kitu kwa Kimaasai, haraka. Kisha akatugeukia sisi kama anayetafuta mashahidi. "Watu wameshahama hapa. Boma likihamwa limehamwa. Nani anarudi kulala mahali alipohama?"

"Mimi."

Nilimvuta pembeni. Nilifanya hivyo kwa nia njema, na hata leo naona nilikuwa sawa kwa hesabu.

"Usifanye hivyo," nikamwambia. "Uza nyuma, bakiza mbele. Hii barabara itajaa maduka mpaka Isinya. Nusu ekari ya mbele itakulisha wewe na wajukuu. Miembe nitakuletea mingine bure, tisa, uipande mbele."

"Nitangoja miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Ulisema mitatu na hii."

"Ulikuwa unaimwagia maji!"

"Mbele pana gari na watu," akasema. "Mwaka huu mmoja atasema anataka kununua, mwaka ujao mwingine. Simel atachoka kusema hapana. Nyuma hakuna anayetaka, isipokuwa mtu akionja. Na huyu ameshaonja, nataka aridhike leo."

Akarudi kwa wanaume. Mimi nilimfuata nikiwa nimeshindwa, na kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa nikamnong'oneza jambo moja la mwisho: "Basi dai njia. Bila njia ya kutoka barabarani utakuwa kisiwa."

"Watano," alikuwa anasema Salad.

"Watano, na njia ya mkokoteni upande ule wa ua. Na mitamba nitachagua mimi, ndani ya zizi lako. Usiniletee waliokula maboksi."

"Huyu mama wako," Salad akamwambia Simel, "ungemtuma yeye mnadani miaka yote ungekuwa mbunge."

"Bado," Soila akasema. "Kuna kingine. Nusu ya chini iandikwe jina langu."

Simel alicheka kwanza, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Jina lako? Mimi niko hai."

"Bodi ya ardhi itaniuliza kama nimekubali kabla ya kupiga muhuri. Siku hizi wanauliza wanawake. Nikisema hapana, hakuna mitamba."

"Utasema hapana? Mbele ya watu?"

"Nitasema."

Hakupandisha sauti. Nafikiri angepiga kelele Simel angempiga au angemcheka, na jambo lingeishia hapo. Lakini hakuna cha kushika kwenye sauti ya namna ile. Mzee aliangalia zizi tupu kule juu, ng'ambo ya barabara. Alikuwa na ng'ombe wanne na alikuwa anaitwa mzee.

"Andika," akaniambia.

Niliandika, nikiwa nimeweka karatasi juu ya boneti ya pikapu ya Salad, vipande viwili, mpaka katikati kwenye mti wa mgunga. Nilisoma kwa sauti mara mbili. Soila aliomba nisome mara ya tatu sehemu yake, akatia kidole.

Kwa bodi, huko Kajiado, tulikwenda mwezi wa tatu. Ukumbi ulijaa watu waliobanana kwenye viti virefu, wote wanauza au wananunua. Mwenyekiti alifikia jina letu karibu saa nane.

"Mama, umekubali mzee auze?"

"Nimekubali auze hiyo ya juu. Ya chini ni yangu."

"Hujalazimishwa na mtu?"

"Hapana."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. Labda alikuwa amezoea wanawake wanaolia au wanaojificha nyuma ya leso. "Na umefurahi?"

"Hiyo iko kwa fomu?"

Ukumbi ukacheka, na mwenyekiti mwenyewe akacheka, akapiga muhuri. Soila alikuwa akiangalia muhuri. Alingoja wino ukauke ndipo akainuka.

Yapo mambo mawili ambayo watu huniuliza. La kwanza ni kama alipata hasara. Alipata. Kufikia mwaka wa elfu mbili na sita, ile nusu ya juu ingenunua mitamba mia moja, na Salad alikuwa amejenga maduka mahali ghala lilipokuwa. Mimi ningefanya vingine na nilimwambia. La pili ni kama miembe iliendelea kuzaa. Iliendelea, kwa sababu kuanzia hapo kila mwezi wa tano alifunga maji mwenyewe bila kuambiwa, na mbolea aliuza kwa wenye mashamba ya maua. Alizijua siku kuliko mimi. Alikuwa na wanunuzi kutoka Kitengela waliokuja na ndoo zao, na hakuna aliyempunja bei.

Lakini siku ninayoikumbuka ni ile ya kuhama, wiki moja baada ya bodi. Alikuwa amepanda kwenye paa la nyumba yake ya mbele, anang'oa misumari. Misumari aliinyoosha kwa jiwe na kuitia ndani ya kopo. Mabati aliyashusha moja moja, mimi nikipokea chini, na tukayabeba mpaka kwenye miembe ambako fito za nyumba mpya zilikuwa zimesimama tayari, za kuta nne, kati ya mti wa tatu na wa nne. Alikuwa ameziweka bila kukata tawi.

Mchana Simel alikuja barabarani na mitamba watano. Soila ndiye aliyewachagua, na walikuwa wazuri kweli, wawili weusi wenye baka jeupe, mmoja mwekundu. Mzee alikuwa anatembea kama kijana. Alipofika alipiga mluzi ili mke wake aangalie.

"Wamefika! Umewaona?"

"Nimewaona," Soila akasema, na akaendelea na msumari.

Mitamba hawakujua zizi lao ni lipi. Walisimama wakanusa hewa, kisha yule mwekundu akashika njia ya kushuka, na wengine wakamfuata. Walikuwa wamesikia harufu ya boma la zamani, mavi ya miaka ishirini chini ya majani mabichi. Simel alisema waache, watapumzika kivulini kwanza, ni wageni.

Soila aliteremka kutoka kwenye paa. Hakukimbia, lakini alifika kabla yao. Alikuwa amekata matawi ya miiba jana yake, yalilala kando. Alishika moja kwa shina, akalivuta mpaka kwenye mwanya wa boma, na akaliweka kati ya mitamba na miembe. Akavuta la pili, akaliegemeza juu ya la kwanza, akalikanyaga kwa mguu lishike. Yule mwekundu alimnusa mkononi. Alimsukuma usoni kwa kiganja, si kwa nguvu, akamgeuza upande wa juu.

"Zizi liko huko," akamwambia Simel. "Wapeleke."

Kisha akaniuliza kama yale mabati yaliyobaki ni sita au saba.